Ukoko wa Ghala la Pili

Kamba ilikuja juu nyepesi.

Wiki jana tulimwacha Fundi juu ya paa la Ghala la Pili, jua la saa saba likimchoma utosi, mpira wa maji ukimwaga ndani ya ghala kupitia mfuniko ulioachwa wazi, na kamba ya baba yake ikining'inia kuelekea gizani. Tulimwacha ameishika, hathubutu kuvuta. Sasa kavuta. Kavuta kwa mikono miwili, mita ishirini zote, na mwishoni mwa kamba hapakuwa na mtu.

Palikuwa na kitanzi kitupu, kimefunguliwa vizuri kwa mkono.

Alichofanya kwanza ni kufunga maji. Najua kuna watakaosema, mtoto gani huyu anafunga bomba kabla hajalia? Mtoto wa kazi, ndugu yangu. Maji yale yalikuwa adui kuliko giza lenyewe, na yeye ndiye pekee aliyelijua hilo.

Kwa aliyefungia kitumbua gazeti la wiki jana, nitasimulia kwa pumzi moja. Kituo hiki cha umeme kilichoma makaa ya mawe tangu mama zetu ni wasichana. Makaa yamepigwa marufuku. Boila moja kati ya tatu imebadilishwa ili ichome punje za mbao, yaani maranda yaliyoshindiliwa yakawa vipande vya ukubwa wa kucha. Wafanyakazi waliziona siku ya kwanza wakaziita chakula cha kuku, na jina likakwama. Boila ikiwaka siku kumi bila kuzimika, kituo kinabaki. Ikizimika, kinafungwa, na mtaa mzima ulio nyuma ya ukuta unafunga virago. Leo ni siku ya nane.

Aliyezileta punje ni Fundi. Aliyekabidhiwa maghala ni baba yake, Mzee Pua.

Jina hilo hakupewa kwa utani. Miaka thelathini na minane mzee yule alikuwa akisogea kwenye lundo la makaa, ananusa, anasema, "Hapa chini pana moto." Watu wanachimba, wanaukuta. Kisha kazi ni ile ile: unapiga maji, unashuka na mtaimbo, unavunja panapong'ang'ania, unarudi kunywa chai.

Punje za mbao hazijui adabu hiyo. Zikipata joto hutoa gesi isiyo na harufu hata chembe. Zikipata maji huvimba na kushikana. Fundi aliwaweka wazee wote wa makaa darasani wiki mbili akiwaeleza hayo. Baba yake alikaa kiti cha nyuma kabisa, akatangaza, "Huyu mwalimu mimi nilimfunga nepi," darasa likaangua kicheko, halafu mzee akafumba macho mpaka kengele.

Redio iliyokuwa kiunoni mwa Fundi ikakoroma.

"Usivute tena, mama. Nimeifungua. Ilikuwa fupi."

"Baba! Uko wapi?"

"Nitakuwa wapi? Niko kwenye chakula cha kuku."

"Nani kakwambia uingie?"

"Aniambie nani? Niliona joto limepanda, nikapiga maji. Kidogo tu mkanda wa kupelekea punje ukaanza kuzunguka mtupu, boila yako inalia njaa. Kuchungulia, zimefanya ukoko. Nikasema nishuke niuvunje kabla hujajua."

"Baba, maji ndiyo yaliyofanya ukoko."

"Nimeona," mzee akasema. "Nimechelewa kuona."

Na kuuvunja alikuwa ameuvunja kweli. Pigo la tatu la mtaimbo, ukoko ukakatika chini ya miguu yake, akazama mpaka kiunoni, punje mbichi zikambana kila upande kama simenti inayokauka. Ngazi ya ukutani aliiona. Kuifikia hakuweza.

"Usoni umevaa nini?" Fundi akauliza, na tayari alikuwa anaogopa jibu.

"Barakoa yangu."

Barakoa ya watu wa makaa ni kitambaa na sponji. Huzuia vumbi. Gesi huipita kama maji kwenye chujio.

"Kichwa kinakuuma?"

"Kidogo. Lakini nimenusa vizuri, mama. Hakuna kitu. Humu ndani pasafi kabisa."

Wanasema penye wazee haliharibiki neno. Siku ile liliharibika, tena kwa mikono ya mzee mwenyewe, tena kwa nia njema. Mimi nikikumbuka ile "pasafi kabisa" yake huwa natamani kuiweka kalamu chini.

Ngazi za chuma zikatetemeka. Mdogo wake Fundi akatokeza kichwa, jasho linamtiririka. Huyu ndiye Kijiko, dereva wa mtambo wa kuchotea punje uwanjani, na jina lake ni la mtambo wake. Hakuuliza kitu. Aliiona kamba, akaanza kujifunga kiunoni.

"Nishushe."

"Huingii."

"Ni baba yangu!"

"Ni wangu pia. Tena nimemjua miaka minne kabla yako. Huingii."

Kijiko akamsukuma. Fundi akachomoa kipima gesi mkandani, akakinyoosha juu ya mfuniko. Kikapiga kelele mpaka njiwa wa paani wakaruka.

"Umesikia? Ukiingiza kichwa hapo unalala. Ukilala unaanguka. Nirudi kwa mama nikamwambie nimewapoteza wote wawili siku moja?"

Kijiko akaiachia kamba. Machozi yalikuwa yanachora mistari kwenye vumbi la mashavu yake.

"Sasa tunafanya nini, Dada?"

"Zimamoto wana mitungi ya hewa. Nimeshawaita. Nenda getini uwapokee, uwalete mbio. Wao ndio wataingia."

Kabla Kijiko hajageuka, redio ikakoroma tena. Safari hii ni Meneja, na sauti yake ilikuwa imepanda kama ya mtoto.

"Fundi! Ghala la Pili limefika digrii themanini na nne! Rudi huku! Rudi upesi, unajua kitakachotokea!"

Alijua. Alikuwa amekiandika kwa mkono wake.

Chini ya ghala lile kuna safu ya mitungi mikubwa ya gesi ya kuzimia moto. Joto la ndani likifika tisini, mtambo unaifungua wenyewe, bila kumwuliza mtu. Gesi inapanda kutoka sakafuni na kufukuza hewa yote. Moto unakosa pumzi, unakufa. Na chochote kingine kinachovuta pumzi humo, kadhalika. Kuna njia moja tu ya kuuchelewesha: ufunguo ulio kwenye ubao, uuzungushe kulia na uushikilie. Ukiuachia, unarudi wenyewe.

Kwa maneno mengine, mkono wa mtu. Fundi alishuka ngazi mia moja na kumi na mbili akiwa haoni mbele.

Aliingia chumba cha kuongozea mitambo joto likisoma themanini na tisa. Alichomeka ufunguo, akazungusha, na wakati huo huo tarakimu zikabadilika kuwa tisini. King'ora kikalia. Taa nyekundu ikawaka. Gesi haikufunguka.

Meneja alisimama nyuma yake, tai imekaza shingo.

"Unafanya nini?"

"Baba yumo ndani."

Uso wa Meneja ulipauka. Msomaji, usije ukamgeuza huyu kuwa shetani wa hadithi. Aliketi kwanza, akashika kichwa, akasema, "Mungu wangu," mara mbili. Halafu akasimama tena.

"Fungua mlango wa chini. Mwaga punje zote, atoke nazo."

"Ukifungua chini unaingiza hewa. Ni kama kupuliza jiko. Tena zimeshikana, hazimwagiki."

"Vumbi la humo linashika moto joto likifika ngapi?"

"Mia na ishirini."

"Likishika?"

"Ghala linapasuka."

"Na nyuma ya ghala kuna nini, Fundi?"

Nyuma ya ghala kuna ukuta, na nyuma ya ukuta kuna nyumba za wafanyakazi. Nyumba ya kwanza ni ya Meneja mwenyewe. Ya tatu ni ya Mzee Pua.

"Watoe watu," Fundi akasema. "Piga king'ora cha mtaani."

"Nimepiga. Kimelia mara nne wiki hii kwa majaribio, nani atakimbia? Wametoka nje kutazama. Wamejaa ukutani, wengine wamebeba watoto."

Mia moja.

Ndipo taa ya boila, iliyokuwa kijani siku nane mchana na usiku, ikageuka nyekundu. Kupitia dirishani waliona moshi mweupe wa bomba kuu ukikonda, ukikatika, ukiisha. Ng'ambo ya ukuta, mamia ya watu waliona vile vile, na kelele zao zikaingia mpaka ndani, sauti ya chini, ya watu waliofiwa.

"Majaribio ya siku kumi yamekufa," Meneja akasema. "Kituo kimekufa. Kazi zetu zimekufa. Usiue na mtaa."

Fundi alibadilisha mkono kwenye ufunguo. Vidole vilikuwa vimeanza kufa ganzi.

Redio: "Zimamoto hapa, sajini. Tuko chini ya ghala."

Fundi akabonyeza redio. "Ingieni! Yuko hai, anaongea!"

"Dada, tuna mitungi miwili. Mmoja unavuja. Kanuni yetu ni wawili wawili, simtumi mtu wangu peke yake kwenye shimo. Nimeagiza mingine."

"Itafika saa ngapi?"

"Dakika arobaini."

"Sina hata kumi!"

"Nakuelewa, dada. Pole sana."

Pole ni neno tamu, lakini haliingii mapafuni.

Mia na tatu.

"Mama." Ilikuwa sauti ya baba yake sasa, nzito, ya mtu aliyeamshwa usingizini. "Joto linasoma ngapi?"

"Themanini, Baba. Linashuka."

"Muongo wewe. Miguu yangu inaiva." Akavuta pumzi. "Mama yako yuko wapi?"

"Nyumbani."

"Leo anafua. Atakuwa uani, upande wa ukutani."

"Baba, usiongee sana. Tunza pumzi."

"Kuna ufunguo, sivyo? Uliwaambia darasani. Kuna mtu anaushika, ghala linasubiri."

"Ulikuwa umelala, Baba. Darasani ulikuwa umelala."

"Nilifumba macho. Niliona aibu kuandika mbele ya wenzangu, mwalimu ni mtoto wangu. Lakini nilisikia yote. Usinuse. Usipige maji. Usiingie."

"Sasa mbona ulipiga maji, Baba?"

"Mkono, mwanangu. Mkono ulifika kwenye bomba kabla yangu. Miaka thelathini na minane, unadhani utauliza ruhusa?"

Ndani ya chumba kile kulikuwa na watu wanne kwenye viti vyao, wanaume wazima, na wote walitazama sakafu.

"Achia," mzee akasema.

"Siachii."

"Nakwambia kama baba yako."

"Na mimi nakataa kama bosi wako."

Mzee Pua alicheka, au alikohoa. Kwenye redio havitofautiani. Kisha kikaja kishindo kidogo, kama redio imeanguka kwenye kitu laini, na baada ya hapo hapakuwa na sauti.

"Baba?"

Mia na saba.

"Baba, nijibu. Gonga tu."

Mia na kumi.

Alimwita mara kumi na moja. Mmoja wa wale wanne alizihesabu, na aliponisimulia alikuwa bado anaikumbuka ya mwisho, kwa sababu ile hakuita "Baba." Aliita jina lake la nyumbani, lile ambalo mtoto halitamki. Redio ilikoroma peke yake.

Mia na kumi na nne.

"Ametutangulia, Fundi," Meneja akasema, na safari hii alisema taratibu, mkono begani mwake. "Ametutangulia. Amekuomba mwenyewe."

"Juu kuna mtu?"

Meneja akaenda dirishani. Kutoka pale paa lote la Ghala la Pili linaonekana, reli, mfuniko, mpira wa maji.

"Hakuna mtu."

"Hakikisha."

"Nimeangalia mara mbili. Hakuna."

"Zimamoto?"

"Wako chini kwenye gari, wanabishana."

Mia na kumi na sita.

Nitakuambia alichohisi, kwa sababu alikisema kwa sauti na watu walimsikia. Alisema, "Nimeleta punje zangu nikakuulia humo. Nisamehe." Halafu akafungua vidole, kimoja kimoja, maana havikutaka kufunguka pamoja. Ufunguo ukarudi wenyewe.

Chini ya ardhi gesi ilinguruma. Vioo vya dirisha vikatetemeka. Tarakimu zilisimama kwenye mia na kumi na saba, zikacheza, zikasita, kisha zikaanza kurudi. Mia na kumi na sita. Mia na kumi na tano. Meneja aliketi sakafuni na kulia kama mtoto. Kila kitu kilifanya kazi sawasawa na Fundi alivyoahidi siku anaufunga mtambo ule.

Yeye hakulia. Alikuwa anatazama kiganja chake, pale ufunguo ulipoacha alama.

Redio ikaita.

"Dada!"

Haikuwa sauti ya mzee. Ilikuwa ya kijana, inahema, na inaweza kuwa furaha ya mwisho kuwahi kusikika katika kituo kile.

"Dada, usinigombeze! Nilichukua mtungi wa zimamoto ule mzima, wao wanabishana. Ningekuambia ungenikataza. Nimemfikia! Nimeshuka na kamba, nikamalizia kwa ngazi ya ukutani, nimemfikia, anapumua! Nimemvua kile kitambaa chake nikamvisha barakoa ya mtungi, hii niliyokuwa nimevaa mimi, na ameshafumbua macho. Mguu mmoja nimeshautoa. Bado mmoja tu, Dada, tunatoka!"

Fundi aliurukia ufunguo. Aliuzungusha kulia kwa nguvu zake zote, mpaka ukapinda. Mngurumo haukupungua. Gesi ile ikishafunguka haifungwi mpaka mitungi yote iishe. Alitaka iwe hivyo mwenyewe, asije mtu mwenye huruma akauchezea mtambo.

Alibonyeza redio. Mdomo ulifunguka, neno halikutoka.

"Dada, unanisikia?" Kijiko alicheka kidogo, akakohoa, akavuta pumzi ndefu. "Humu kumeanza kupoa. Huu upepo wa kutoka chini ni wa nini?"